Marejeo ya Mkwe Kaa

Kama hujawahi kuona mtu mzima akigombana na nukta, basi Jumamosi ile ungepita Mtoni, kwa Bi Mwanabaraka. Binti yake Naima alikuwa amejikunja kwenye kochi la sebuleni, kompyuta mapajani, anaitoa nukta ndani ya mabano, anaiweka nje, anaitazama, anairudisha ndani. Kisha anafyonya.

Bi Mwanabaraka alichungulia kutoka jikoni, kisu mkono mmoja, kitunguu mkono mwingine.

"We Naima, hiyo makala si ulisema imeisha tangu mfungo?"

"Makala imeisha mama. Yamebaki marejeo."

"Ndo mdudu gani huyo?"

"Orodha ya niliowanukuu. Vitabu, na wazee niliowahoji. Inakaa mwisho."

"Orodha tu? Mie waalikwa wa harusi nzima nawapanga huku nakuna nazi, na hakuna anayenuna."

"Mama, hii ina masharti. Jina, mwaka kwenye mabano, kichwa cha kitabu kwa herufi za mlazo, mkato hapa, nukta pale. Ukikosea wanakurudishia."

"Wamekurudishia mara ngapi?"

Naima akajifanya hajasikia. Wamesharudisha mara mbili, na leo saa kumi alasiri mfumo wa jarida unafungwa. Ukifungwa na makala iko nje, habari imekwisha. Chuoni anakofundisha mkataba wake unaisha Juni, na mkuu wa idara alishamwambia hadharani: "Bila makala, Naima, mie sina cha kukutetea." Kikao kilichopita, wenye makala zao walibaki mezani wakijadili mtaala, yeye akatumwa chupa ya chai. Alivyorudi nayo, kiti chake kilikuwa kimewekwa mkoba wa mtu. Akasimama na chupa yake mpaka kikao kilipoisha, anamimina tu.

Makala yenyewe ilikuwa tamu. Inaeleza jinsi mafundi wa samani wa Keko, Dar es Salaam, wanavyozipa sofa zao majina, kwa nini hii inaitwa hivi na ile vile. Na moyo wa makala ni sofa moja tu: Mkwe Kaa.

Mkwe Kaa, kwa asiyeijua, ni ile sofa ya mgongo wima na kikalio kigumu kidogo, ambayo mtu anakaa na heshima zake zote na anainuka bila kushikwa mkono. Keko nzima wanaitengeneza. Ila ukiuliza nani aliyeibuni, umeanzisha vita. Baba yake Naima, Mzee Mfaume Khalfani, anasema ni yeye. Mzee Ansbert Rwechungura, aliyekuwa mshirika wake kabla hawajagawana randa na misumeno kila mtu akahamia upande wake wa barabara, anasema ni yeye. Tangu hapo hawasalimiani. Mmoja akiwa dukani kwa gundi, mwenzake anasubiri atoke.

Naima alijifanya mjanja. Ukurasa wa sita akaandika kwamba Mkwe Kaa ilibuniwa na baba yake. Ukurasa wa kumi na tatu akaandika kwamba Mkwe Kaa ilibuniwa na Ansbert. Alidhani kurasa sita katikati ni ukuta wa kutosha kuwatenganisha wazee wawili.

Bahati mbaya mhariri wa jarida, Dkt. Tusajigwe, ni mtu wa kusoma mpaka tanbihi. Ijumaa akaandika: "Mpendwa mwandishi, ukurasa wa sita na wa kumi na tatu zinapingana. Wahoji wahusika wote wawili kwa pamoja, uandike rejeleo moja la mahojiano ya pamoja. Au ondoa sehemu hiyo yote."

Kuiondoa ni sawa na kutoa nyama kwenye pilau ukabaki na wali wa rangi. Na kuwakalisha wale wazee pamoja, nani ana ubavu huo? Naima alichofanya jana jioni ni kile kidogo alichokiweza: alimtumia kila mmoja kwenye simu kurasa zake zinazomhusu, athibitishe maneno yake, kama mwongozo unavyodai. Wote walisoma. Hakuna aliyejibu.

Saa tano na kitu mlango ukasukumwa. Mzee Mfaume, vumbi la mbao kwenye ndevu, simu mkononi kama ameshika hati ya mashtaka.

"Naima! Khalfani ndo nani?"

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Khalfani ndo nani?"

"Si... babu."

"Babu yako alikuwa fundi?"

"Hapana baba. Alikuwa anauza kahawa."

"Alikuwa anauza kahawa hapahapa Mtoni, Mungu amrehemu, na msumari wa kutundikia kalenda alikuwaga ananiita mie nimpigilie. Leo nasoma hapa, 'sofa hii ilibuniwa na Khalfani.' Kafufuka lini huyo mzee akaja Keko?"

Jikoni kitu kilianguka. Bi Mwanabaraka alikuwa anacheka mpaka ameshika ukuta.

"Baba, ndivyo mwongozo unavyotaka. Jina la mwisho linatangulia, la kwanza linafupishwa. Kwa hiyo Mfaume Khalfani unakuwa Khalfani, M."

"M?"

"M."

"Yaani mie mzima, na mgongo huu unaouma kwa kuinamia mbao, nimebaki herufi?"

"Na nukta yake, Baba Naima," akapiga kelele mama mtu kutoka jikoni. "Usiidharau, kaipigania tangu asubuhi!"

Mzee Mfaume hakucheka. Aliketi, akavua kofia, akaivaa tena. Hapo Naima akajua kaumia kweli. Mtu kakaa na jina lake Keko ujana wake wote, wateja wanakuja wanauliza "kwa Mfaume ni wapi," halafu siku jina linaandikwa kwenye kitu cha kudumu, linaandikwa la mwingine. Hata kama huyo mwingine ni baba yako.

Mara nje ikasikika pikipiki inazimwa, na sauti nene ikapiga hodi. Bi Mwanabaraka akatoka jikoni na mwiko. Sauti hiyo alikuwa anaijua, ila kwenye kibaraza chake ilishasahaulika.

"Hodi tena!"

"Karibu," akasema taratibu. "Karibu shemeji. Pita."

Mzee Ansbert aliingia upande upande, kama mtu anayeingia kanisani misa imeshaanza. Alimwona Mfaume. Mfaume akageuza uso akatazama luninga, nayo ilikuwa imezimwa.

"Shemeji, sikuja kwa mtu," alisema Ansbert. "Nimekuja kwa mtoto."

"Shikamoo baba mdogo," Naima akasimama.

"Marahaba. Naima, waitu, mtoto wetu, mzee wangu Rwechungura amekukosea nini?"

Naima akafumba macho.

"Mzee yule amekufa Muleba, hajawahi kulala hata siku moja Dar es Salaam. Alitaka mimi niwe padri. Aliposikia nimeshika randa, aliacha kula na watu. Leo unaandika kwamba yeye ndiye aliyebuni sofa Keko! Mwanangu, akisikia huko aliko atataka kurudi aje akanushe."

Kwenye kochi, shingo ya Mfaume ikageuka. Haikuombwa, iligeuka yenyewe.

"Hata wewe?"

Ansbert akatazama dari. "Hata mimi nini?"

"Wamekuandika baba yako?"

"Wameniandika baba yangu."

"Na mie wameniandika marehemu Khalfani."

"Khalfani yupi?" Ansbert akasahau dari. "Yule wa kahawa?"

"Huyohuyo."

"Ai mawe, mama wee! Mzee ambaye stuli yake ikilegea anaita mafundi wawili?"

Mfaume akajitahidi. Mdomo aliubana, lakini masharubu yalianza kutikisika, na baada ya masharubu yakafuata mabega. Ansbert naye akashika mlango. Wakacheka wale wazee kama wametekenywa, kisha wakakumbuka kwamba hawasemeshani, wakanyamaza kwa pamoja.

"Wametudhulumu," alisema Mfaume kwa sauti ya kazi.

"Wametudhulumu sana," Ansbert akakubali. "Naima, hiki nini mmetufanyia?"

Naima, ambaye jana nzima alitafuta namna ya kuwaweka chumba kimoja, sasa anawaona wamesimama upande mmoja, na upande wa pili yuko yeye peke yake. Bi Mwanabaraka ndiye aliyeliona hilo kwanza. Alitandaza mkeka katikati ya sebule, akaleta beseni na birika la kunawia, halafu sinia la pilau linalofuka, kachumbari juu.

"Mambo ya marehemu baadaye," alisema. "Sasa hivi walio hai wanawe mikono."

"Shemeji, mimi nilipita tu..."

"Ansbert, umenikimbia miaka yote hii. Leo pua yako imeshafika, na mdomo utafika. Kaa chini."

Akakaa. Mfaume naye akashuka kwenye kochi, kwa sababu mwenyeji hawezi kubaki juu mgeni akiwa mkekani. Naima akaona mlango umefunguka, akaingia mzimamzima. Aliweka simu yake karibu na sinia, akabonyeza kurekodi.

"Baba, baba mdogo, mie naomba kitu kimoja. Mhariri anataka niwahoji pamoja. Nisipofanya hivyo kabla ya saa kumi, sehemu ya Mkwe Kaa inaondolewa yote, na makala bila Mkwe Kaa haipokelewi. Na makala isipopokelewa, Juni niko hapa nyumbani nakuna nazi."

"Nazi zangu hazitaki msomi," Bi Mwanabaraka akadakia.

Wazee wakatazamana. Ansbert akameza tonge.

"Unataka tuseme nini?"

"Ilivyokuwa."

"Ilivyokuwa," Mfaume akaanza, "huyu Mhaya alikuwa anatembelewa na mama mkwe wake."

"Kutoka kwetu. Mwanamke mnene, wa heshima."

"Nyumbani kwake alikuwa na sofa ya kuzama. Mama wa watu mara ya kwanza alipokaa, alizama."

"Miguu ikaja juu," Ansbert akafunika uso kwa mkono ambao haukuwa na wali. "Mkwe wangu! Mimi nikatorokea dirishani. Mlango ulikuwa mbali."

"Akaja karakana amekimbia, jasho linamtoka. 'Mfaume, nitengenezee kiti mkwe asizame, anarudi Jumapili.' Mie nikakata miguu mirefu, nikanyoosha mgongo. Mgongo wima ni wangu, huo hata akiapa!"

"Sijakataa! Nimekataa lini? Lakini kikalio?"

"Kikalio..." Mfaume akachota kachumbari, anachelewesha. "Kikalio kilikuwa chake. Mie niliweka sponji nzito, ikarudi inazama. Yeye akaweka mikanda ya matairi chini."

"Umesikia, Naima? Imerekodiwa hiyo?"

"Imerekodiwa baba mdogo. Na jina?"

"Jina langu," walisema wote wawili.

Mwiko wa Bi Mwanabaraka ukaonekana mlango wa jikoni.

"Jumapili tukaipeleka kwangu," Ansbert akaendelea kwa uangalifu, kama anayepita juu ya ubao mwembamba. "Mama akaogopa, akabaki amesimama. Mimi nikamwambia kwa adabu: mkwe, kaa."

"Ulimwambia kwa Kihaya! Sie wengine tulikodoa tu. Mie ndo nikauliza, 'Kasemaje?' Ukaniambia. Kesho yake mteja wa kwanza ananiuliza hii inaitwaje, nikamjibu 'Mkwe Kaa.' Kwa Kihaya wangeinunua nani hapa Keko?"

Ansbert alitafuna pole pole. Alitafuna mpaka pilau likaisha mdomoni na bado anatafuna.

"Ni kweli," alisema mwishowe. "Nilisema mimi. Ukalitangaza kwa Kiswahili wewe. Lakini mbona hukuwahi kulieleza hivyo?"

"Uliwahi kuniuliza? Ulikuwaga unapiga kelele tu."

"Wewe ndiye ulikuwa unapiga kelele."

"Wote mlikuwa mnapiga kelele," alisema Bi Mwanabaraka. "Mpaka Kipawa walisikia. Ongezeni wali."

Ikawa imefika saa nane. Naima akaandika rejeleo lake moja, safi, la mahojiano ya pamoja, akalisoma kwa sauti: "Khalfani, M. na Rwechungura, A."

"Hapana!" Wazee wakaweka mikono juu kama wanasimamisha gari.

"Baba jamani!"

"Mpigie huyo mhariri," Ansbert akaagiza. "Tuongee naye sisi. Kwa upole."

Dkt. Tusajigwe alipokea simu katikati ya kelele za wanawake. "Naima, niko kikao cha harusi, fanya haraka. Umewahoji?"

"Nimewahoji Daktari, shikamoo. Wako hapa, unasikika kwa wote."

"Daktari," Mfaume akasogelea simu akaiinamia kama msikilizaji yumo ndani, "sie ni mafundi wa Keko. Tunaomba baba zetu watolewe kwenye hii habari. Walikuwa watu wazuri, lakini hawakuhusika."

Upande wa pili kicheko kikapasuka. Dkt. Tusajigwe alicheka, akawaeleza waliomzunguka, nao wakacheka. Alipopata pumzi alisema: "Wazee wangu, mwongozo unaruhusu. Mhojiwa ambaye hafahamiki kwa jina la ukoo anaandikwa kama anavyofahamika kwa watu wake. Ila Naima, usibadilishe kwa hao wawili tu, badilisha kwa wahojiwa wote, makala nzima. Na waliohojiwa pamoja wanapangwa kwa alfabeti, sio kwa umri wala kwa ubishi. Saa kumi mfumo unajifunga. Nao siushiki mimi."

Wazee wakagongana viganja hewani. Naima hakugonga. Wahojiwa wote, makala nzima, kurasa ishirini na mbili! Akarudi ukurasa wa kwanza, akaanza kufuta jina mojamoja.

"Ukibadilisha wewe peke yako utachelewa," alisema Ansbert. "Geuza hicho kioo tuone wote. Mfaume, vaa miwani."

Kazi ikaanza. Mafundi waliozoea kutafuta misumari iliyomwagika kwenye takataka za mbao wakawa wanatafuta mabano. Mmoja kushoto kwa Naima, mwingine kulia, vidole vinagonga kioo.

"Hapo! Kuna Rwechungura kajificha mstari wa nne!"

"Mtoe. Weka Ansbert."

"Ukurasa wa kumi na tisa, Khalfani huyo, chini kabisa."

"Alikuwaga anapenda pembeni, mzee yule. Mtoe taratibu."

"Huyu Nassoro nani?"

"Huyo ni Shomari, yule wa vitanda."

"Shomari wa vitanda anaitwa Nassoro? Siku zote hizo!"

"Baba, tafadhali, ukurasa unaofuata."

Bi Mwanabaraka alikuwa amekaa nyuma yao na kikombe cha chai, anasoma vichwa vyao badala ya kioo. Kila baada ya muda alitaja saa iliyopo, na kila alipotaja, Naima alikwenda kasi zaidi. Saa tisa na nusu, mabano ya mwisho yakasafishwa. Naima akabonyeza kupanga orodha kwa alfabeti, na kompyuta, ambayo haina aibu wala ushemeji, ikamchukua Ansbert ikamweka juu kabisa. Kwenye rejeleo la Mkwe Kaa likatokea: Ansbert na Mfaume.

Mzee Mfaume akavua miwani. Akaipangusa. Akaivaa.

"Mbona mie wa pili?"

Jibu lilikuwa linaonekana. Kwa majina ya baba zao, Khalfani angetangulia. Yeye mwenyewe kamfukuza Khalfani, na kwa kumfukuza kajishusha.

"Rudisha lile la kwanza," alisema kwa sauti ndogo.

"Baba, nikirudisha nirudishe makala nzima. Nusu saa imebaki."

Naima alimtazama baba yake, akaona kwamba hasemi kwa ukorofi. Anasema kama mtu aliyeona mlango unafungwa na kidole chake kikiwa ndani.

Ansbert akakohoa. "Mrudishie, Naima. Niandike mimi wa pili. Niandike hata wa mwisho kabisa, chini ya karatasi. Mimi kitu ninachotaka ni mtoto apate kazi yake."

Jamani, Mfaume alivyoruka!

"Nani kakwambia mie sitaki mtoto wangu apate kazi?"

"Sikusema hivyo."

"Umesema! Umekuja nyumbani kwangu, umekula pilau langu, halafu unajifanya mkarimu kwa mwanangu kuliko mie? Naima, mwache wa kwanza. Mwache hukohuko juu!"

"Sitaki juu. Weka Mfaume."

"Weka Ansbert!"

"Mfaume ndiye mwenye mgongo!"

"Kikalio ni chako wewe, Mhaya mbishi! Mtu hakai kwenye mgongo!"

"Saa kumi kasorobo," alisema Bi Mwanabaraka.

"Basi!"

Ilikuwa sauti ya Naima, na yeye mwenyewe aliishangaa. Alishazoea kuwakwepa wazee hawa, kuwatenganisha kwa kurasa, kumpa kila mmoja anachotaka kusikia. Akasimama na kompyuta yake kifuani.

"Nyie mmetoa habari, nawashukuru. Anayeandika ni mie. Jina langu ndilo liko juu, na likirudi na makosa nitakayesimama na chupa ya chai ni mie. Ansbert na Mfaume. Kwa alfabeti. Nani ana neno?"

Mzee Mfaume alimwangalia binti yake kutoka chini, kama mtu aliyeletewa mzigo akakuta ni mkubwa kuliko alivyoagiza. Akarekebisha kofia.

"Hakuna mwenye neno," alisema. "Tuma, mwalimu."

Naima akatuma. Kiduara kikaanza kuzunguka kwenye kioo. Kikazunguka. Ansbert akafanya ishara ya msalaba, Mfaume akasoma bismillahi, na Bi Mwanabaraka, kwa usalama zaidi, akashika kona ya kompyuta isije ikakata mtandao. Kiduara kikasimama. Likatokea neno moja la kijani: Imepokelewa.

Bi Mwanabaraka alipiga vigelegele vilivyovuka ukuta, vikavuka uchochoro, vikatoka mpaka barabarani. Wazee wawili walikuwa wameshikana mabega wanaruka mkekani, kofia imeanguka, hakuna anayeiokota. Naima alikuwa analia na kucheka kwa zamu.

Haikupita muda jirani yao Clara akatokea mlangoni anahema, kitenge kakifunga njiani.

"Mama Naima! Nimesikia vigelegele nimeacha maharage jikoni. Naima kaposwa? Na nani?"

"Hajaposwa mtu," alisema Bi Mwanabaraka, anafuta machozi. "Wamerudiana watu."

"Watu gani? Wewe na Baba Naima mliachana lini, mie nisijue?"

"Mie niachwe na nani? Mfaume na Ansbert hao, waone. Tena safari hii kwa maandishi."

Clara akawatazama wazee wanavyozunguka, akaliona sinia, akaona pilau bado lipo. Akavua kandambili mlangoni akaingia.